Kutafuta Heka Mbili Rufiji

"Linagusa maji," dalali aliniambia kwenye simu, kisha akanyamaza kidogo neno liniingie. Madalali wa Dar es Salaam ndivyo walivyo. Kiwanja cha Chanika kinagusa lami hata kama lami yenyewe iko nyuma ya nyumba kumi. Cha Kigamboni kinagusa bahari, hata kama bahari utaisikia tu siku upepo ukikubali. Huyu wangu alikuwa na shamba la heka mbili ukingoni mwa mto Rufiji, upande wa kusini, juu kidogo ya Utete. Bei aliyoitaja ilikuwa haifiki nusu ya kiwanja cha ishirini kwa ishirini kule Mbagala, tena bila choo wala ukuta wa jirani unaokuja kwako.

Mke wangu amestaafu ualimu, mimi nimebakiza miaka michache, na wote wawili tumeichoka baa iliyo mkabala na dirisha letu la kulalia. Kwa hiyo mwezi wa Juni, mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa ya Aprili 2024, nilimchukua shemeji yangu, ambaye aliwahi kununua samaki Ikwiriri na anajua kupatana bei kuliko mimi, tukapanda basi pale Rangi Tatu kabla jua halijatoka.

Barabara ya Kilwa siku hizi haina hadithi. Mkuranga ukasinzia, Kibiti ukaamka ukanywa chai, na kabla ya adhuhuri uko Ikwiriri, ambako wachuuzi wanakuingizia samaki wakavu dirishani. Hadithi walikuwa nayo waliosafiri kabla ya 2003, mwaka uliofunguliwa Daraja la Mkapa. Wakati huo watu wa Lindi na Mtwara walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakichachamaa mtu alilala ng'ambo siku kadhaa akiangalia maji, nauli ikiishia kwenye maandazi. Daraja lina urefu wa karibu kilomita moja, na ukilipita ndipo unapata picha ya mto wenyewe: maji ya rangi ya chai ya maziwa, visiwa vya mchanga, miti iliyong'olewa huko juu Kilombero au Ruaha ikielea kana kwamba haina haraka. Mito hiyo miwili, pamoja na Luwegu, ndiyo inayoufanya Rufiji uwe Rufiji. Mvua ikinyesha Iringa, mtu wa Utete anaisikia miguuni baadaye.

Nyamwage tuliliacha basi, tukakata kulia. Kutoka Utete ilikuwa bodaboda, mchanga, bodaboda kuanguka, bodaboda tena. Kijiji chenyewe sitakitaja. Nimeshaona kinachotokea kijiji kikitajwa: wiki inayofuata kuna bango la viwanja kwenye mwembe wa ofisi.

Nilichotegemea kukuta ni nyumba zilizopangana kando ya maji. Nilichokuta ni nyumba zilizopangana kando ya barabara, juu kwenye mchanga, katikati ya mikorosho na minazi, na mto hauonekani hata kwa kupanda kichuguu. Tulipelekwa kwanza kwa mzee mmoja, maana mgeni haendi shambani kabla hajaonekana. Alikuwa amekaa kibarazani anasuka ukili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wajukuu. Mnatoka mjini?"

"Mjini, mzee. Tumekuja kuangalia shamba. Samahani, mto uko wapi?"

Akaelekeza kidevu kaskazini, bila kuacha kusuka. "Mto uko kwake. Sisi tuko kwetu."

Shemeji akacheka, mzee hakucheka.

Kutoka kibarazani kwake hadi majini ni mwendo wa karibu saa moja kwa miguu, na mwendo huo unafundisha mengi kuliko dalali. Kwanza unashuka kutoka kwenye mchanga mweupe unaochoma nyayo. Halafu mikorosho inakoma ghafla, kama imekatazwa kuvuka, na unaingia kwenye udongo mweusi uliopasukapasuka, mfinyanzi unaoshika kiatu. Hapo ndipo bonde linapoanza. Mpunga ulikuwa umeiva, na wengine walikuwa wameshaanza kuvuna. Kwenye vipande vilivyokauka karibuni watu walikuwa wanapanda mahindi na kunde bila tone la mvua, wakifukia mbegu kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko. Kilimo hicho wanakiita mlau. Maji yakipanda kwa kiasi na kushuka kwa wakati, mtu anavuna mara mbili kwa mwaka na hanunui mbolea, maana tope lenyewe ndilo mbolea. Maji yakizidi, mpunga wote unakwenda Bahari ya Hindi. Yasipokuja kabisa, hakuna mlau. Ukikaa nao utasikia wanayapima mafuriko kama sisi tunavyoupima mshahara: ya mwaka gani yalitosha, ya mwaka gani yalichelewa.

Katikati ya mashamba yamesimama madungu. Nilipanda moja kwa ruhusa ya bi mkubwa aliyekuwa analinda mpunga. Nguzo za miti migumu, ndefu kunizidi. Sakafu ya fito zilizofungwa kwa kamba. Paa la nyasi. Na pembeni, juu ya sakafu hiyo hiyo ya fito, jiko la mafiga lililosiribwa udongo mzito ili moto usiteremke. Kulikuwa na mkeka, sufuria mbili, chandarua na redio. Kamba zilitoka kwenye dungu zikaenda pande nne za shamba, kila moja imetundikwa makopo matupu ya rangi na ya maziwa. Kwelea kwelea wakitua, bi mkubwa anavuta kamba bila kuinuka, makopo yanalia, ndege wanaruka na kutua kwa jirani, naye anavuta ya kwake. Mchana mzima bonde linagonga hivyo.

"Usiku hawaji hao," alinieleza. "Usiku ni zamu ya nguruwe. Na kiboko, akiamua."

Kwenye nguzo ya dungu lake kulikuwa na mstari wa tope lililokauka. Nilisimama chini yake nikanyosha mkono, ncha za vidole zikaugusa. Hapo ndipo maji ya 2024 yalipofika. Yeye na wajukuu walitolewa na mtumbwi. Dungu lilibaki, kuku hawakubaki.

Ni hapo nilipoanza kuelewa kwa nini kijiji kiko juu. Jioni mzee wa ukili alinipa nusu ya pili ya habari. Zamani walikaa humo humo bondeni, nyumba zimetawanyika kwenye miinuko, kila ukoo na kichuguu chake. Mwaka 1968 yakaja mafuriko makubwa, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji: watu wakahamishwa kutoka bondeni, wakapangwa kwenye vijiji vya nchi kavu, miaka kadhaa kabla Operesheni Vijiji haijaikumba nchi nzima. Yeye alikuwa kijana anayeota ndevu. Waliahidiwa shule, zahanati na maji ya bomba. Shule walipata. Mashamba lakini hayakuhamishika. Udongo wa juu ni mchanga, unafaa korosho na mihogo; chakula chenyewe kiko chini. Kwa hiyo toka wakati huo Mrufiji ana makazi mawili: nyumba ya bati juu, ambako watoto wanasoma na mikutano inafanyika, na dungu bondeni, ambako wakubwa wanahamia miezi ya mpunga. Wataalamu wengi wameandika kwamba kuwahamisha kulikuwa kosa. Mzee hakusema hivyo. Alisema tu kwamba mwendo umekuwa mrefu na magoti yake ni yale yale.

Sasa kuna bwawa pia. Bwawa la Julius Nyerere liko huko juu, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa 2024. Miaka ya ujenzi hofu ya watu wa chini ilikuwa kwamba maji yatafungwa na mlau utakufa. Halafu mwaka wa kwanza wa umeme ukawa mwaka wa mafuriko. Serikali ilisema ni mvua za El Niño, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Bondeni utakuta wanaokubali na wanaotikisa kichwa, wakati mwingine ndani ya nyumba moja. Anayetaka kununua ardhi haombwi kuamua ugomvi huo. Anachopaswa kujua ni kwamba kalenda ya mto, iliyokuwa inasomwa kwa mwezi na nyota na rangi ya maji, siku hizi ina msomaji mwingine kwenye chumba cha mitambo, na babu hana namba yake ya simu.

Asubuhi dalali akatupeleka kwenye hilo shamba linalogusa maji. Kusema kweli ni pazuri. Mto unapinda pale, maji yanapita polepole, ng'ambo kuna mchanga mweupe ambako mamba wanaota jua bila kumwonea mtu haya. Miembe mitatu mikubwa, kivuli chake kinatosha harusi. Dalali alishanijengea nyumba kwa mdomo: baraza huku, jiko kule, kiti cha uvivu pale.

Nilimwomba shemeji asimame kwenye ukingo, mimi nikahesabu hatua kurudi nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nilipofika hatua ya sitini nilikuwa nimeshaipita miembe yote mitatu, baraza, jiko na kiti cha uvivu, na nyuma yangu kulikuwa kumebaki ukanda wa mpunga na tope.

"Hiyo sheria ni ya mjini, mzee," dalali akasema.

Shemeji, akiwa bado ukingoni, akaniita nikaangalie chini. Ukingo ulikuwa umekatika wima kama mkate. Mizizi ya mgomba ilining'inia hewani, na mgomba wenyewe ulikuwa majini umelala. Muuzaji, kaka mtaratibu wa makamo, alikiri kwamba zamani kulikuwa na safu nyingine za migomba mbele ya hii. Mto umezila. Mto Rufiji haukai njia moja. Unahama, unaacha tope huku na kubomoa kule. Heka mbili za leo unaweza kuzikuta ng'ambo, ni za mtu mwingine.

Tukiwa hapo akaja mwanamke mmoja kutoka shamba la jirani, mundu mkononi, kanga kiunoni. Alitusalimia vizuri, akatukaribisha, akauliza habari za mjini na za safari. Kisha akamgeukia muuzaji.

"Kaka, mgeni umeshamwambia baba alituacha wangapi?"

Yule kaka akaangalia mto.

Walikuwa watano. Shamba ni la urithi, msimamizi wa mirathi hakuwahi kuteuliwa na mahakama, na kila mmoja analima kipande chake kwa kuelewana. Zaidi ya hapo, miembe miwili kati ya mitatu si ya marehemu baba yao. Ilipandwa na shangazi, na matunda yake yanachumwa na watoto wa shangazi. Ukanda wote wa pwani una utaratibu huu ambao mtu wa mjini haumwingii kichwani: ardhi inaweza kuwa ya huyu, mnazi uliosimama juu yake wa yule. Ukinunua shamba bila kuuliza miti, utakuta kila msimu kuna mtu juu ya mwembe wako anakusalimia.

"Tusingegombana na wewe," dada akaniambia, na nadhani alimaanisha. "Tungegombana sisi kwa sisi, na wewe upo katikati."

Dalali hakurudi nasi kijijini. Alisema ana mteja Kibiti.

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma lisilofungika na ramani ukutani. Mtendaji wa kijiji alikuwa kijana, ana daftari kubwa na subira. Nilimweleza nilichokuja kufanya, akanijibu kwa mpangilio kama mtu ambaye ameshawaeleza wengine na hawakusikia. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Tunachouziana ni haki ya kuitumia, pamoja na kilichopandwa na kujengwa. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999 na inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, si na mwenyekiti peke yake, wala mjumbe, wala dalali. Halmashauri haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha. Na mtu wa nje akitaka kuchukua sehemu ya mwanakijiji, swali la kwanza ni moja.

"Unakuja kukaa au kufanya kazi hapa? Au unakuja kuweka nguzo za zege uondoke?"

Akanionyesha ramani. Kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, wenye rangi: makazi, kilimo cha juu, kilimo cha bonde, msitu, malisho. Rangi ya malisho ina historia yake. Wafugaji walipoondolewa Usangu mwaka 2006 na kuendelea, wengi waliteremka na ng'ombe wao hadi Lindi na huku Rufiji, na nchi ambayo haikuwa na ng'ombe ikaamka nao mpungani. Damu imewahi kumwagika wilayani kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mtendaji alinishauri niangalie kwanza njia ya mifugo inapita wapi, ndipo niangalie bei. Ushauri huo hauko kwenye tangazo lolote la shamba nililowahi kusoma.

Nilimwuliza kuhusu hati. Kijiji chao kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala, yaani lile kabati, kwa hiyo hati ya hakimiliki ya kimila inawezekana; inaandaliwa kijijini na kusajiliwa wilayani. Wengi hapa hawana. Wana majirani wanaojua mpaka uko kwenye mbuyu gani, na hadi leo hilo limetosha, isipokuwa pale wageni kama mimi wanapoanza kuja.

Kabla sijasahau, niseme neno juu ya utulivu, maana ndio tuliokuwa tunaufuata. Usiku wa bondeni una kelele kuliko baa yetu. Vyura wanaanza magharibi na hawapokezani, wanaimba wote. Kiboko anakoroma karibu kuliko unavyopenda. Mwisho wa wiki kuna ngoma ya kumtoa mwali, na ngoma ya Rufiji haina saa ya kufungwa. Mbu sitawaeleza. Mtandao unapatikana ukisimama mahali pamoja nyuma ya msikiti, kwa hiyo siri za simu za kijiji kizima zinajulikana. Maji ya kunywa yanatoka kisimani. Wanaochota mtoni wamezungushia fito mahali pa kuchotea kwa ajili ya mamba, na fito hizo zinakaguliwa kila mara. Mgonjwa wa usiku anapelekwa Utete kwa bodaboda ile ile inayoanguka. Mke wangu nilimpigia nikiwa nyuma ya msikiti nikamweleza yote haya, akauliza kama wana shule. Nikamwambia ipo, walimu hawatoshi. Akanyamaza, na mimi nikajua ameshahama.

Tulichopata hatimaye hakigusi maji. Ni heka mbili juu mchangani, mikorosho ya zamani na minazi michache, nyumba ya udongo isiyofaa kitu. Wauzaji ni mume na mke wanaohamia kwa mtoto wao Somanga. Mtendaji alikataa kushika kalamu hadi mke aitwe kutoka bondeni, akaja na matope hadi magotini, akasomewa kila mstari, akauliza mikorosho mingapi imeandikwa, wakaenda kuihesabu upya, ikaonekana mmoja ni wa jirani. Ukaandikwa hivyo: mkorosho wa mpakani si wa mnunuzi. Ndipo akaweka dole gumba. Majirani wa pande nne wakasaini. Shemeji alijaribu kupunguza bei kwa sababu ya huo mkorosho, wakamcheka.

Kijiji hiki kina desturi ya kumsimamisha kila mgeni mbele ya mkutano mkuu hata pale halmashauri imeshamkubali, kwa hiyo nilirudi siku ya mkutano na mke wangu. Watu walikaa chini ya mwembe wa ofisi, wanawake upande huu, wanaume ule. Mwenyekiti akatutaja, tukasimama. Mama mmoja akanyosha mkono: tutakuja kukaa, au tutaweka uzio na mbwa? Mke wangu akajibu kwamba mbwa anawaogopa, na hesabu za darasa la saba anazifundisha. Pakatokea minong'ono mizuri. Mzee wa ukili akauliza kama tunajua msiba wa hapa unachangiwa vipi, tukasema tutajifunza. Mikono ikanyoshwa, mtendaji akaihesabu, akaandika.

Ajenda iliyofuata ilikuwa nguruwe. Wameharibu mpunga kuanzia kitongoji cha mashariki, na kila kaya inatakiwa itoe mtu wa kulala bondeni kwa zamu hadi mavuno yaishe. Mwenyekiti akaanza kusoma majina. Nilinyosha mkono nikasema, kwa heshima, kwamba heka zangu ni za korosho na sina hata bua moja la mpunga.

"Zamu ni ya kaya, mzee, si ya zao," mwenyekiti akanijibu. "Alhamisi utakuwa na babu, dungu la tatu."

Mtendaji akainua uso kutoka kwenye daftari na kuniuliza kama nina tochi.